Kimeng'enya ni umbo: kinaundwa na nini, na nini hukivuruga

Wiki chache zilizopita jirani yangu alinionyesha ujumbe uliokuwa ukizunguka katika kundi lao la WhatsApp. Ulidai kwamba kupika chakula ni kuua vimeng'enya vyake, kwamba vimeng'enya vya mwilini huisha kadiri umri unavyosogea, na kwamba chupa moja ya juisi fulani ingevirejesha vyote. Kwa sababu ya ujumbe huo alikuwa ameacha kumpikia mwanawe mchicha, akawa anampa majani mabichi yaliyooshwa tu. "Mwalimu," aliniuliza, "hivi hivyo vimeng'enya ni wadudu wa namna gani, hata vife?" Nilimjibu kwa kifupi pale mlangoni, lakini swali lake linastahili jibu refu zaidi, kwa kuwa limegusa jambo ambalo wengi wetu tulilikariri shuleni kwa ajili ya mtihani bila kulielewa.

Kimeng'enya si mdudu wala si kiumbe. Ni molekuli, yaani kipande kidogo mno cha maada, ambacho seli za viumbe hai hukitengeneza ili kiharakishe badiliko fulani la kikemia, na ambacho chenyewe hakitumiki wala kuisha katika badiliko hilo. Mfano wake wa karibu ni mshenga. Mshenga huzikutanisha pande mbili, hulainisha mazungumzo ambayo bila yeye yangekwama kwa miaka, na ndoa ikishafungwa yeye hubaki vilevile alivyokuwa, tayari kwenda nyumba nyingine kwa kazi ileile. Hawezi kuwaozesha wasiooana. Kadhalika kimeng'enya hakiwezi kulazimisha badiliko ambalo kwa asili yake haliwezekani; kinachofanya ni kupunguza kizingiti kilichokuwa kikilichelewesha. Baadhi ya vimeng'enya huunganisha, kama mshenga, na vingine hutenganisha, kama vile vinavyokata wanga wa ugali kuwa sukari.

Kasi yake ni vigumu kuiwazia. Ndani ya chembe nyekundu za damu kipo kimeng'enya kinachobadili hewa ya ukaa iweze kubebwa na damu hadi mapafuni, na molekuli yake moja tu huweza kushughulikia molekuli zipatazo milioni moja za hewa hiyo kwa sekunde moja. Ipo pia hatua mojawapo katika utengenezaji wa vijenzi vya chembe za urithi ambayo, kama ingeachwa ijiendee yenyewe ndani ya maji, ingehitaji takribani miaka milioni 78 ili nusu tu ya malighafi ibadilike. Kimeng'enya chake huimaliza katika sehemu ndogo ya sekunde.

Swali la jirani yangu, kama jambo hili ni kiumbe au ni kitu, liliwahi kuwagawanya wataalamu wakubwa. Mwaka 1833 wanakemia wawili wa Ufaransa, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitoa katika kimea cha shayiri kitu kilichogeuza wanga kuwa sukari, na bado kwa miaka mingi baada ya hapo wengi, Louis Pasteur akiwamo, waliamini kwamba uchachushaji wa pombe hauwezekani bila seli iliyo hai. Ubishi huo uliisha mwaka 1897, pale Mjerumani Eduard Buchner alipoisaga hamira, akaikamua, akachuja maji yake hadi yakawa hayana seli hai hata moja, na maji hayo yakaendelea kugeuza sukari kuwa pombe. Aliyechachusha hakuwa mdudu. Kilikuwa kitu kilichotengenezwa na mdudu.

Likabaki swali la pili: kitu hicho kimeumbwa kwa nini? Mmarekani James Sumner alilifanyia kazi kwa takribani miaka tisa. Alikuwa amepoteza mkono wa kushoto kwa risasi ya bahati mbaya alipokuwa kijana wa miaka 17 mawindoni, naye alikuwa mtu wa kutumia mkono huohuo wa kushoto, ikambidi ajifunze upya kushika vyombo vya maabara kwa mkono wa kulia. Mwaka 1926, kutoka katika unga wa aina fulani ya maharage makubwa, alifanikiwa kupata fuwele safi za kimeng'enya kimoja na kuonyesha kwamba ni protini. Wakubwa wa kemia wa wakati huo hawakumwamini. Tuzo ya Nobel aliipata miaka 20 baadaye, mwaka 1946.

Protini ni uzi wa shanga. Shanga zenyewe huitwa asidi za amino, na viumbe wote, kuanzia bakteria hadi tembo, hutumia aina 20 tu za kawaida kutunga karibu protini zao zote. Ute mweupe wa yai la kuku una kimeng'enya kinachoitwa lisozimu, ambacho kimo pia katika machozi na mate yetu na ambacho hupasua kuta za bakteria. Uzi wake una shanga 129. Kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi, papaini, kina shanga 212. Vingine vina mamia, vingine zaidi ya elfu. Kinachokipa kimeng'enya tabia yake si aina za shanga peke yake, bali ni mpangilio wake: ipi inatangulia, ipi inafuata.

Sasa uzi huo haukai umenyooka. Baadhi ya shanga huvutwa na maji, nyingine huyakimbia kama mafuta yanavyojitenga. Baadhi zina chaji chanya, nyingine hasi. Zile zenye salfa zikikutana huweza kufungana kwa fundo gumu. Kwa mivutano na misukumano hiyo uzi hujikunja, ukajizungusha na kujibana hadi ukawa donge lenye umbo maalumu, na uzi wenye mpangilio uleule hujikunja kwa namna ileile. Pembeni mwa donge hilo hubaki kishimo kidogo. Hapo ndipo kazi hufanyika. Kitu kinachofanyiwa kazi, ambacho katika makala haya nitakiita malighafi, huingia katika kishimo hicho, hushikwa, hukatwa au huunganishwa, kisha hutoka na kukiacha kishimo kikiwa wazi kwa mwingine.

Mwaka 1894 Emil Fischer alilinganisha jambo hili na kufuli na ufunguo wake, na mfano huo ndio uliomo katika vitabu vingi vya shule. Unatosha kueleza kwa nini kimeng'enya cha wanga hakigusi nyama. Hata hivyo kufuli ni chuma kisichopinda, ilhali protini ni kitu laini, na mwaka 1958 Daniel Koshland alipendekeza kwamba kishimo hujirekebisha kidogo malighafi inapoingia. Mimi hupenda kuwaambia wanafunzi wafikirie soksi: ina umbo la mguu hata kabla ya kuvaliwa, lakini hukaa sawasawa pale tu mguu unapoingia.

Vimeng'enya vingi havijitoshelezi kwa shanga peke yake. Huhitaji kishikizi cha pembeni: chembe ya madini kama zinki, chuma au magnesiamu, au molekuli ndogo ambayo mara nyingi hutokana na vitamini. Hii ndiyo sababu ya msingi ya vitamini za kundi B kuwa na umuhimu, na zikikosekana matokeo huonekana kwa macho. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini nchini Malawi, wakitegemea mgao wa mahindi, walipunguziwa karanga zilizokuwa chanzo chao kikuu cha niasini, mojawapo ya vitamini hizo. Takribani watu 18,000 walipatwa na pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi iliyo wazi kwa jua, unaoharisha na unaovuruga akili. Vimeng'enya vyao vilikuwapo. Kilichokosekana ni kishikizi kinachotokana na niasini, ambacho vimeng'enya vingi vya kuzalisha nguvu mwilini haviwezi kufanya kazi bila hicho.

Niongeze jambo moja kwa ajili ya ukamilifu: si kila kimeng'enya ni protini. Thomas Cech na Sidney Altman walipewa Nobel ya kemia mwaka 1989 kwa kugundua kwamba RNA, jamaa wa karibu wa chembe za urithi, nayo huweza kujikunja na kufanya kazi ya kimeng'enya. Ni wachache, lakini wamo ndani ya kila seli yetu, katika mtambo uleule unaounganisha shanga za protini.

Tukishaelewa kwamba kimeng'enya ni umbo, maswali mengi yanayofuata hujijibu. Kila kinachoathiri utendaji wake hufanya moja ya mambo machache: hubadili umbo, huziba kishimo, au hubadili idadi ya mara ambazo malighafi na kishimo hukutana.

Joto hufanya mambo mawili kati ya hayo, tena yanayopingana. Joto likipanda, molekuli hukimbia zaidi na kugongana mara nyingi zaidi, kwa hiyo kazi huongezeka. Likiendelea kupanda, mtikisiko huvunja ile mivutano midogo iliyoshikilia mikunjo, na donge huanza kufumuka kama ukili uliokatwa fundo. Shanga zote zipo, uzi haujakatika, lakini kishimo hakipo tena. Hili ndilo watu huliita kufa kwa vimeng'enya, na neno hilo ndilo lililompotosha jirani yangu. Tazama ute wa yai unapogusa kikaango: ulikuwa maji maji ya kupenya mwanga, ukawa mweupe na mgumu, na hakuna namna ya kuurudisha. Hizo ni protini zilizofumuka na kunasana ovyo.

Baridi haifanyi hivyo. Jokofu hupunguza mwendo tu, na hata friji ya kugandisha haivunji umbo la vimeng'enya vingi, ndiyo maana mboga iliyogandishwa mbichi huendelea kubadilika rangi na ladha polepole. Wanaohifadhi maharage machanga au karoti kwa kugandisha huzichovya kwanza dakika chache katika maji yanayochemka, kwa makusudi ya kuvifumua vimeng'enya vyake. Na homa? Nyuzi 39 hazifumui vimeng'enya vya mwili. Vingi huhimili zaidi ya hapo, ingawa homa kali sana ina hatari zake na ni ya kupelekwa hospitali.

Pwani yetu inalijua jambo hili bila kulipa jina. Mpishi wa mishkaki huparua papai bichi, akalichanganya na nyama pamoja na tangawizi na kitunguu saumu, akaiacha. Papaini hukata nyuzi za protini za nyama, na nyama hulainika. Akiisahau hadi asubuhi hukuta tabaka la nje limekuwa kama rojo, na hilo ni ushahidi mzuri kwamba kimeng'enya hakitumiki: kijiko kilekile cha papai kiliendelea kukata usiku kucha. Papaini ni mgumu kuliko wengi wa jamii yake, hufanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 60 na ushei, kwa hiyo huendelea kulainisha nyama mwanzoni inapowekwa juu ya makaa, hadi moto unapokishinda. Papai lililoiva halifai kwa kazi hii, kwa kuwa utomvu wake umepungua sana, na papai lililochemshwa halifai kabisa. Utomvu huo uliokaushwa uliwahi kuwa zao la kuuzwa nje kutoka Tanzania, Uganda na Kongo.

Jambo la pili ni ukali wa mazingira, unaopimwa kwa kipimo cha pH. Maji safi huwa kwenye 7. Chini ya hapo ni upande wa limau na siki, juu ya hapo ni upande wa magadi na sabuni. Ukali ukibadilika, chaji za shanga hubadilika, na mivutano iliyoshika umbo hulegea au hugeuka. Kila kimeng'enya kina mahali pake. Kile cha mate, amilesi, hupenda karibu na 7, ndiyo maana tonge la ugali likitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa tamu. Likishamezwa na kulowa tindikali ya tumbo, amilesi hiyo husimama. Pale pale ndipo pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachokata protini, huanza, kwa kuwa yenyewe hupenda ukali wa karibu 2. Chakula kikishuka kwenye utumbo mwembamba, kongosho humwaga kitu cha jamii ya magadi kinachozima tindikali, na pepsini nayo husimama, ikipokewa na tripsini ipendayo karibu 8. Ni kama zamu za kiwandani, na ukali ndio kengele.

Kwa hiyo wanaouza maji yenye pH ya juu wakidai kwamba yataamsha vimeng'enya vya mwili wamekosea mahali pawili. Maji hayo hufika kwanza katika tumbo lenye tindikali na kupoteza tabia hiyo, na damu nayo hulindwa na mapafu na figo isitoke kati ya 7.35 na 7.45, uwe umekunywa maji ya chupa au ya mtungi. Ndimu katika kachumbari ya parachichi, kwa upande mwingine, inafanya kazi ya kweli: ukali wake hukisimamisha kimeng'enya kinacholigeuza parachichi lililokatwa kuwa la kahawia.

Kuhusu wingi sitakaa sana. Wengi wa wanaovuka Kigamboni wanajua kwamba abiria wakiwa wachache, kila anayefika huvushwa. Wakizidi nafasi za pantoni, kuongezeka kwao hakuongezi idadi ya wanaovuka kwa saa, hadi iletwe pantoni ya pili. Vimeng'enya ni hivyohivyo. Leonor Michaelis na Maud Menten waliliandika jambo hili kwa hesabu mwaka 1913. Mfano wake mwilini ni maziwa. Mtoto mchanga ana laktesi ya kutosha kukata sukari ya maziwa, lakini kwa watu wengi duniani utengenezaji wake hupungua baada ya utoto, na bilauri ya maziwa humletea mtu mzima gesi na kuharisha. Miongoni mwa jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan, utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta mabadiliko ya urithi yanayoiacha laktesi iendelee kutengenezwa ukubwani, tena mabadiliko tofauti na yale ya Wazungu. Mtindi huwasumbua watu wachache zaidi, kwa sababu bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Lakini mahali ambapo somo hili lina uzito wa uhai na ulemavu ni katika muhogo, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo.

Muhogo mchungu una kitu kinachoitwa linamarini, ambacho chenyewe kimefunga ndani yake sumu ya sianidi. Mmea huo una pia kimeng'enya cha kukikata, lakini umeviweka mbali: linamarini imo katikati ya seli, kimeng'enya kimo katika ukuta wake. Panya akiutafuna, kuta hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sianidi hutoka. Ni silaha ya mmea. Bibi zetu waliigeuza silaha hiyo ifanye kazi ya kusafisha: muhogo ukimenywa na kulowekwa siku tatu hivi hadi ulainike, au ukiparuliwa na kuachwa, seli zake hupasuka, kimeng'enya huikata linamarini, na sianidi inayotoka huenda na maji au hupaa hewani, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, joto la kawaida la mchana wa pwani.

Wengi hudhani kwamba moto ndio unaotoa sumu. Kwa muhogo mchungu dhana hiyo ni ya hatari. Ukiuchemsha mzimamzima, unakifumua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, ilhali linamarini huhimili moto na hubaki ndani ya chakula, ikasubiri bakteria wa utumbo waifungue. Kuloweka hutangulia, moto hufuata.

Sianidi nayo huua kwa njia ileile tunayoijadili. Huingia katika kimeng'enya cha mwisho cha mnyororo unaotumia oksijeni ndani ya seli, hushika chuma kilichomo katika kishimo chake, na kishimo kikazibwa. Mtu anapumua, hewa inaingia, lakini seli haziwezi kuitumia. Kwa kiasi kidogo mwili unaweza kujiokoa, kwa sababu tunacho kimeng'enya kingine kinachoibadili sianidi itoke kwa mkojo, ila hicho huhitaji salfa inayotokana na vyakula vya protini. Familia inayokula muhogo usiolowekwa vya kutosha, mlo baada ya mlo, bila maharage, samaki wala nyama, inakosa pande zote mbili. Ndipo huja konzo: mtoto au mama aliyelala mzima huamka miguu imekakamaa, na hali hiyo haiponi. Jina hilo ni la Kiyaka cha Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Tanzania tuliiona Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walipofupisha siku za kuandaa muhogo kwa sababu ya njaa.

Kinga yake mojawapo ni ya kushangaza kwa urahisi. Unga wa muhogo uliokaushwa juani bado una kimeng'enya ambacho hakijafumuka, kimesimama tu kwa kukosa maji. Unga huo ukichanganywa na maji, ukatandazwa mwembamba na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kimeng'enya huamka na kukata sehemu kubwa ya linamarini iliyobaki, na ugali hupikwa baada ya hapo. Mbinu hiyo ilibuniwa na Howard Bradbury wa Australia, na wanawake wa Popokabaka, nchini Kongo, wamekuwa wakiitumia kuzuia konzo.

Vizuizi vingine vya vimeng'enya tumevitengeneza wenyewe. Aspirini huzuia kimeng'enya kinachoshiriki kuleta maumivu na uvimbe, penisilini huzuia kile kinachojenga ukuta wa bakteria. Dawa nyingi za kunyunyizia mashamba, za jamii ya organofosfeti, hukwama katika kishimo cha kimeng'enya kinachofuta ujumbe wa neva baada ya kupokelewa. Ujumbe usipofutwa, misuli hutetemeka, mate hutiririka, mboni za macho husinyaa, kifua hubana. Wadudu na binadamu wote wana kimeng'enya hicho, ndiyo sababu mkulima anayenyunyizia bila kujikinga, au anayekula nyanya kabla siku zilizoandikwa kwenye kopo hazijapita, hujiweka katika hatari ileile aliyowakusudia wadudu.

Na wakati mwingine kasoro imo katika uzi wenyewe. Chembe nyekundu za damu hulindwa na kimeng'enya kiitwacho G6PD, chenye shanga 515. Katika aina moja iliyoenea Afrika, shanga mbili tu kati ya hizo zimebadilika, na hilo linatosha kulifanya donge lisidumu. Mwenye hali hiyo huishi miaka yote bila kujua, hadi siku anapomeza dawa kama primakwini inayotumika dhidi ya malaria, na chembe zake za damu zikaanza kupasuka. Huwapata zaidi wanaume, kwa kuwa maelekezo yake yamo katika kromosomu ya X, ambayo wao wanayo moja tu. Kumuuliza daktari kuhusu kipimo cha G6PD kabla ya dawa hiyo ni haki ya kila mgonjwa.

Turudi kwa jirani yangu. Vimeng'enya vya mchicha vilitengenezwa kwa kazi za mchicha, na vikifika tumboni mwa mtoto tindikali huvifumua na pepsini huvikata kama protini nyingine yoyote. Mtoto hajapoteza chochote kwa vimeng'enya hivyo kupikwa. Amepata usalama dhidi ya mayai ya minyoo, na karotini ya majani yaliyopikwa kwa mafuta kidogo huingia mwilini vizuri zaidi kuliko ya majani mabichi. Vimeng'enya vyake mwenyewe seli zake huvitengeneza upya kila siku kutokana na protini anayokula, iwe ya dagaa, ya kunde au ya maziwa. Ni kweli kwamba vipo vimeng'enya vinavyotolewa hospitalini kama dawa, hasa kwa wagonjwa ambao kongosho limeshindwa kazi, lakini hivyo hufungwa ndani ya vidonge vyenye ganda la kuhimili tindikali, kwa sababu tulizokwisha kuziona. Juisi ya chupa haina ganda hilo, na juisi iliyochemshwa kiwandani ili isioze haina tena hata vimeng'enya vyenyewe.

Kisha nilimwomba apike uji mzito wa dona, mzito kiasi cha kijiko kusimama, akaugawa katika bakuli mbili. Katika la kwanza tulisubiri uache kutoa mvuke mwingi, tukatia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, tukakoroga. Katika la pili tulitia kimea kilekile, ila tulikwisha kukichemsha pembeni kwa dakika kadhaa katika maji kidogo. Haikupita robo saa, uji wa kwanza ukawa unamiminika na una utamu ambao hakuna aliyeutia sukari. Aliurudisha motoni uchemke tena kwa ajili ya usafi, akamnywesha mwanawe. Katika bakuli la pili kijiko kilikuwa bado kimesimama.